Graviti Imepanda Kamunyonge

Kijiwe chetu kiko Kamunyonge, ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki: benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizogeuzwa. Kahawa ni ya Dorkas, anayekutukana kwanza ndipo kikombe kikufikie. Wenye benchi ni Mniko, mchuuzi wa maziwa ya Nyamuswa, tunamwita Mtindi. Werema wa bodaboda, tunamwita Breki kwa sababu hana. Na Danford, tunamwita Waziri, maana ana jibu hata la swali ambalo hajaulizwa. Mimi ni Injinia. Jina nilijipa mwenyewe. Shule niliiacha bado inanihitaji. Asubuhi hiyo nilifika na jagi la bia yangu ya ulezi, gilasi ndefu, na kipima maziwa nilichoazima kwa Mtindi, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Wakwe wa dada yangu Jenipher walikuwa wanaingia mchana kutoka Bunda, na bia nilishaiahidi mbele ya ukoo mzima.

— Jamani, graviti imepanda, nikasema. Jana kumi, leo kumi na nane.

— Graviti ndiyo nini? akauliza Breki.

— Uzito wa sukari iliyobaki kwenye bia, mshamba wewe. Sukari ikiwa nyingi, kijiti kinaelea juu. Hamira ikiila, kinazama. Namba ikigoma kushuka, bia imekomaa, unafunga chupa. Ukifunga kabla, zinapasuka.

— Za kupasuka tunazijuaga, Dorkas akadakia. Si ndizo zile za ubarikio wa mtoto wa mama yako mdogo? Mchungaji alimalizia sala chini ya meza.

— Zilikuwa chupa mbovu!

— Zote?

Mtu wa sayansi hajibizani na kila birika. Ila moyoni nilijua: zikilipuka mbele ya wakwe, Jenipher ataniua mimi kwanza, halafu ndiyo alilie ndoa yake. Na namba kushuka naelewa. Kupanda je? Sukari iliyoshaliwa inarudije?

— Msikisingizie kipimo changu, Mtindi akafoka. Hakidanganyagi hiki! Kilimkamata mama mkwe wangu ametia maji kwenye maziwa, mpaka leo hatusalimiani vizuri. Ila kimezoea ng'ombe wa Nyamuswa. Ukikichovya kwenye pombe kinashtuka. Kimeokoka.

— Kimeokoka lini?

— Kinakaaga nyumbani kwangu, na mke wangu anaimba kwaya.

Waziri akakohoa. Akikohoa Waziri, ujue sheria inasomwa.

— Graviti niliisoma mimi. Ndiyo inayovuta vitu chini. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu. Kama unavuta ziwa zima pale Mwigobero, jagi la Injinia litaushinda?

— Sasa mwezi ukivuta, si kijiti ndiyo kinaelea juu? Breki akaruka. Basi tatizo ni mahali! Twende Butiama, kule kuna vilima. Nabeba ndoo ya bia nyuma, kila kilima tunasimama tunapima. Pakitoa kumi, tunafungia chupa hapohapo.

— Na wakwe watanywea wapi?

— Wapande nao!

— Hapana, akasema Waziri. Bia iliyofungiwa kilimani ukiishusha ziwani, chupa zinabonyea. Imeandikwa.

— Wapi?

— Sehemu.

Breki alicheka akasahau kahawa ni ya moto, akaunguza ulimi. Dorkas akamtukana, akampokonya kikombe, akawa anaimimina kwenye kikombe kingine, anairudisha, anaimimina tena, ipoe. Povu lililokuwa juu likafa lote.

Nikaikodolea macho gilasi yangu. Vipovu vilikuwa vimekizingira kijiti kama dagaa kwenye taa ya karabai. Vimekibeba, kama maboya yanavyobeba wavu! Sampuli ya jana ililala mezani, gesi ikaisha. Ya leo nimeichota kwenye ndoo sasa hivi, inachemka kama Breki akiona trafiki.

— Dorkas, vikombe viwili!

— Vya bure?

— Vya historia!

Nikamimina bia huku, nikairudisha kule, huku, kule, mpaka ikanyamaza. Nikaijaza kwenye gilasi. Nikakifuta kijiti, nikakitumbukiza, nikakizungusha kwa vidole ili kisibebe kipovu hata kimoja. Kikacheza, kikazama, kikatulia. Nikapiga magoti vumbini, jicho usawa wa bia.

— Kumi!

— Wacha wewe!

— Njoo usome mwenyewe! Kumi ya jana, kumi ya leo! Imekomaa!

Breki akapiga honi mpaka mbwa wakaitikia. Mtindi alitaka kukibusu kipimo chake kingali ndani ya bia.

— Nilisemaje? Hakidanganyagi!

— Ni mwezi umetua, akasema Waziri.

Nilipanda juu ya benchi. Nikawaambia kuanzia leo wasiniite Injinia, waniite Injinia Mkuu. Dorkas akasema nishuke, benchi ni la mkopo. Nikiwa bado juu, akafika shangazi Marieta na kreti la chupa tupu kichwani, ametumwa kutoka nyumbani.

— Mnapigia nini kelele?

— Shikamoo shangazi! Graviti ni kumi! Hakuna chupa itakayopasuka leo!

— Marahaba. Vizuri mwanangu. Ni tamu?

Breki akaniangalia. Mimi nikamwangalia Waziri, na Waziri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaangalia viatu vyake. Mtindi aliinama akachungulia kwenye kijiti, labda upande wa nyuma kuna namba ya utamu.

Shangazi akatua kreti. Akakitoa kijiti kwenye gilasi, akakifuta kwa khanga, akamrudishia Mtindi. Akainywa ile bia taratibu, yote, macho amefumba. Akafuta midomo, akaninyooshea gilasi.

— Nipimie tena.

Nikakipokonya kijiti kwa Mtindi.

— Weka hicho, mjinga wewe. Nipimie, gilasi ijae.