Sanduku la Maoni

Gachanja aliketi kwenye basi la kutoka Thika, kofia imeshuka hadi machoni, akijifanya amelala. Mbele yake kijana wa uhandisi alikuwa akimfundisha mama mmoja vile viwanda hupunguza hasara.

"Auntie, mambo ni kupima. Bila data unabahatisha. Hii kaizen ya Wajapani, ya kuuliza kila mfanyakazi maoni, ni ya kupoteza wakati."

"Sisi kwa kiwanda yetu tuko nayo hiyo kaizen," mama alisema. "Biskuti zinavunjika sababu meza ya kupakia iko chini kuliko belti inayozileta. Nilipima na rula ya mtoto, inchi mbili. Nikaandika, nikatia kwa sanduku la maoni. Miezi nane sasa, hakuna jibu."

Gachanja alifungua jicho moja. Sanduku hilo alilitundika yeye, msimamizi wa uboreshaji katika kiwanda hicho, akalitia kufuli na kupigwa picha nalo. Tangu hapo amekuwa akiwaeleza wakubwa kwamba biskuti zinavunjwa na unyevu. Ana slaidi arobaini.

"Ungeweka na grafu, auntie, wangekusikia."

"Grafu ndiyo inainua meza?"

Gachanja alitaka kuingilia, aseme kwamba njia zote mbili ni nzuri, jibu ambalo humwokoa kwenye mikutano. Lakini basi lilisimama Ruiru, na wale wawili wakashuka wakibishana.

Naye akashuka, akatoa funguo zake za nyumba. Ule mdogo wa kufuli la sanduku ulikuwa kati yazo, ungali na kibandiko cha dukani kwenye meno.