Mzee Bucumi Anaiacha Karakana ya Katonga, Gia Zote Zikiingia

Tarehe 30 Juni 2005, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza injini za boti za Huduma yetu ya Ziwa, Mzee Feliksi Bucumi anastaafu. Uongozi umenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, nadhani kwa kuwa hakuna aliyegombana naye kuhusu vipuri kunizidi. Nikikosea jambo la ufundi mnisamehe. Injini naijua kwa rangi yake, na rangi ikipauka nauliza.

Alizaliwa Burundi, upande wa Rumonge, akavuka ziwa mwaka 1972 akiwa kijana, akikimbia mauaji. Familia moja ya Rusimbi, hapa Kigoma, ilimpokea, na mwaka 1974 akaingia hapa kama kibarua wa kuosha plagi. Mke alimpata Kalinzi. Mkewe huyo, Mama Eufrasia, husema alitongozwa kwa Kirundi, akajibu kwa Kiha, na mkalimani hakuhitajika.

Injini zetu zilikuwa kuukuu tangu siku tulipoletewa. Moja tuliiita Bibi Harusi, maana haikutoka bila kubembelezwa. Gia ikisumbua, sisi wengine tulishauri gia boksi ifunguliwe mara moja. Mzee Bucumi alianza juu. Alizima injini, akachomoa waya wa gia, kisha akakisogeza kwa mkono kile chuma kinachovutwa na waya, huku mkono wa pili ukizungusha polepole panga linaloisukuma boti chini ya maji. Gia ikiingia vizuri namna hiyo, ugonjwa ni waya: umelegea au umeshika kutu. Ikikataa, hapo ndipo alipofungua skrubu ya mafuta ya gia. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yakitoka na chenga za chuma, meno yamekwisha, naye alikuja stoo kuomba mapya, nami nikamwambia hakuna. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa.

Alikuwa na sharti moja. Kabla ya kila safari, boti ifungwe kwenye nguzo na gia ijaribiwe: mbele, fri ambapo panga halipaswi kuzunguka, nyuma. Dereva wetu Leonardi alichoka nalo.

“Mzee, unaisomesha boti?”

“Boti inajua. Nakusomesha wewe.”

Mwaka 1996 wakimbizi walikuwa wakishuka Kagunga, mpakani na Burundi, kila siku, na boti zilikwenda kuwachukua. Safari moja, Mzee Bucumi akiwemo botini, waya wa gia wa Bibi Harusi ulikatika njiani, na Leonardi akauunga kwa uzi wa nyavu. Asicheke mtu. Huku kwetu uzi wa nyavu unafunga kila kitu, kuanzia mlango wa choo hadi suruali ya mtunza stoo. Lakini uzi ule ukilowa hulegea. Walipokaribia ufuko, mkono wa gia ulikaa fri na panga likaendelea kuzunguka, na watu walikuwa tayari majini hadi kiunoni, watoto mabegani, wakiifuata boti. Mzee Bucumi aliruka nyuma akaizima injini. Akakata uzi, akakaa pale pale kwenye injini awe anabadili gia kwa mkono.

Watu walipokwisha kupanda, akaiwasha injini, gia ya mbele ikagoma. Ikagoma tena. Ilipoingia, boti nzima ilishukuru Mungu kwa sauti. Ndipo mama mmoja akatokea ufukoni, mzigo kichwani, akaingia majini.

“Usiitoe, Mzee!” Leonardi alipiga kelele. “Ikitoka haiingii tena! Na watu wote hawa?”

Mzee Bucumi akaitoa. “Isipoingia tutapiga kasia mpaka Kigoma. Yule hatumwachi.”

Mama yule akapanda, akitweta. Mzee akamuuliza jina. Akasema anaitwa Catherine. Mzee akamsogezea mahali pa kukaa, kisha akageukia injini, akaanza tena kuisukuma gia. Gia iliingia, baada ya kuwatoa jasho wote.

Jioni ile, wakifunga boti hapa Katonga, alimweleza Leonardi kwa nini. Mwaka 1972 boti iliyombeba yeye ilikuwa na gia ya namna hiyo hiyo. Ilipoingia, mwenye boti hakuthubutu kuitoa. Dada yake mdogo, Vénérande, alikuwa ameingia majini na kibunda cha nguo, akiita. Waliokuwa botini walimshika Bucumi asiruke. Maji yalikuwa yamemfika dada kifuani, naye alikuwa angali anakuja.

Leonardi hakulilalamikia tena lile sharti la nguzo. Nasi tukaelewa kwa nini fundi aliyekwisha kumaliza kazi yake huwa hakosi ufukoni boti inapotia nanga. Waliokuja aliwauliza kama wamemwona Vénérande wa Rumonge. Sasa watu wanarudi kwao, naye huwaomba wakifika wamuulizie. Yeye mwenyewe hakurudi. Anasema dada ndiye aliyemwona yeye akielekea huku, basi dada akimtafuta, atamtafuta huku.

Katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyekatwa na panga la boti zetu, wala aliyeachwa majini. Vijana wawili aliowafundisha, Martini na Meshack, sasa wanaanzia juu bila kukumbushwa. Wiki iliyopita Martini, kwa moyo mwema, alimwahidi kwamba sisi tutaendelea kuuliza. Mzee alimshukuru, akakataa. “Nyinyi shikeni gia. Kuuliza niachieni mimi.”

Kwa hiyo anahamia Kalinzi, mlimani, kwenye shamba la kahawa la Mama Eufrasia, lakini siku za boti atateremka. Tumemtafutia pikipiki ya kumleta na kumrudisha. Sijui atafanya hivyo mpaka lini, na sikuthubutu kumuuliza.

Asante, Mzee wetu, kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako kwa stoo isiyo na kitu. Mungu akupe afya na usingizi mzuri huko mlimani. Na Alhamisi, boti ikitokea, tutawaomba watu wasogee kidogo, upate kuziona nyuso zote.