Dobi Aliyeifua Damu Yake Nyumbani

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imeomba yasomwe mbele yenu maisha ya mama yetu, dada yetu na bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Suuza, nasi tunaomba mtuvumilie, maana mtu aliyeishi kama yeye hasimuliki kwa pumzi moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, ndani ya harufu ya gundi na ngozi, na mkunga aliyempokea, alipokwisha kumfuta na kumfunika, alikuta kidole chake kimekamatwa, akasema, "Huyu ana neno na mimi, tazama, haniachii," naye mama mzazi, kwa uchovu wote aliokuwa nao, akamjibu, "Basi msikilize kwanza ndipo uende zako."

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na hatutasema hapa kwamba alikuwa mtu wa vitabu, kwa sababu waliosoma naye wapo wamekaa na watacheka, lakini sare yake ilikuwa nyeupe kupita zote, hata mwalimu wa darasa akamsimamisha mbele ya wenzake na kusema, "Laiti ungeandika kama unavyofua, ungefika mbali," naye akauliza kwa adabu kabisa, "Na mwalimu je, huwa unafua kama unavyoandika?", akapigishwa magoti uwanjani mpaka kengele ya kutoka, na hadi uzeeni alipokumbushwa alisema adhabu ile ilikuwa halali yake na swali lile lilikuwa halali yake pia.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, mahali ambapo mashuka yaliingia asubuhi kwa mikokoteni na kutoka jioni yamekunjwa kama barua, na huko ndiko alikopata jina, kwa kuwa kila shuka lililobaki na harufu ya sabuni alilirudisha kwa mwenzake akisema "suuza", na ukimwambia umeshasuuza alikujibu "suuza tena", wenzake wakanuna, kisha wakazoea, kisha hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na baba yake.

Katika hoteli hiyo palikuwa na mpiga pasi, kijana mrefu, mkimya, ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda cha chupa, naye siku moja alivuka chumba chote akiwa na shati mkononi, akamwambia Suuza, "Dada, kola umeisahau," marehemu akaitazama ile kola, akamtazama na yeye, akasema, "Nisingeisahau ungepata wapi sababu ya kuja huku?", na tarehe 15 Desemba 1984 wakafunga ndoa. Mwaka 1988 waliacha kazi ya hoteli wakafungua udobi wao katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mke akifua uani kwenye mabeseni ya bati, mume akipiga pasi dirishani, na kwa miaka yote iliyofuata ulipopita barabarani uliwasikia wakizungumza kupitia ukutani, mke maneno mia, mzee wake neno moja.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza mtoto wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1986, dereva wa lori, anayeishi mji ule wenye hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na wa pili binti, aliyezaliwa mwaka 1990, mshonaji, ambaye duka lake mnalijua, na marehemu ameacha wajukuu watano, ambao kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyependwa kuliko wengine, na tunaomba msiwaharibie.

Kuhusu kuumwa kwake, presha iligunduliwa mwaka 2004, naye aliimeza dawa siku aliyoumwa kichwa na kuiacha siku aliyojisikia vizuri, kama wengi wetu tulioketi hapa tunavyofanya, kumbe presha haipigi hodi, inakula ndani kwa ndani kama mchwa, mpaka mwaka 2012 viatu vikaanza kumbana, chakula kikawa na ladha ya chuma, na tarehe 3 Septemba alianguka uani akiwa anaanika, akafikishwa hospitali kubwa, daktari wa figo akatuita pembeni na kutwambia figo zote mbili zimechoka, hazitarudi, na kwamba bila kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, maisha yake yote yaliyobaki, familia ijiandae. Tulijiandaa, jamani, hatukuficha, wengine tulishanunua hata nguo nyeusi.

Mashine iliokoa maisha yake, hilo tuliseme kwa shukrani, lakini mashine ilikuwa kule, na udobi na mume vilikuwa huku, ikabidi ahamie kwa mwanawe, alale kwenye chumba cha wajukuu, na siku zisizo za mashine akae kwenye sofa kama mgeni asiyejua ataondoka lini, huku mzee akibaki peke yake akipiga pasi nguo zilizofuliwa na mikono mingine, ya wasichana wa kuajiriwa, na walipozungumza kwa simu yeye ndiye aliyekuwa kimya na mzee ndiye aliyetafuta maneno, hapo ndipo watoto walipojua kwamba mambo yameharibika. Alimwambia mwanawe waziwazi, "Mwanangu, kwako ni kuzuri, mkeo hana kosa, lakini mimi nataka kuishi kwangu, na siku ya kufa niondokee kwangu, nikikaa hapa nitakuwa nimekufa na bado nasafishwa damu."

Daktari yule, ambaye ni mtu wa kusikiliza kuliko kuandika, alipoyapata maneno hayo alimweleza kwamba ipo njia nyingine, ambayo huku kwetu ilikuwa bado mpya, ya kusafisha damu nyumbani bila ile mashine kubwa, kwa kuwa ndani ya tumbo la kila mwanadamu mna utando mwembamba unaofunika matumbo, wenye mishipa ya damu isiyohesabika, na ukiingiza maji ya dawa kwa mrija laini uliowekwa kando ya kitovu, ukayaacha yakae saa chache, sumu ya damu hupenya kwenye ule utando na kuingia majini, kisha unayatoa, unaweka mengine. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Daktari, unaniambia naloweka, nasuuza, namwaga?", daktari akacheka akasema ndiyo, naye akasema, "Basi kazi hiyo naijua."

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu, alisema mbele ya ukoo wote, "Tumbo liliumbwa kwa ajili ya chakula, ninyi mnataka kuligeuza beseni!", marehemu akamjibu, "Kaka, beseni ndilo limenilisha maisha yangu yote, wacha linioshe." Wakamwekea mrija, wakamfundisha wiki mbili yeye na mumewe, kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kuvaa barakoa, kutogusa ncha ya mrija hata kwa bahati mbaya, kwa sababu kijidudu kimoja kikiingia tumboni ni hatari ya kifo, na muuguzi aliyepangiwa kuwafuatilia wagonjwa wa huku kwetu akaja kuikagua nyumba, akakiona chumba chao kimejaa vikapu vya nguo za watu, akatikisa kichwa, lakini aliporudi juma lililofuata alikuta mzee amevitoa vikapu vyote, amepaka rangi kuta, ameondoa mapazia na zulia, na paka amehamishiwa kwa jirani, na alipoulizwa nani alimsaidia alijibu neno moja, "Mimi."

Mei 2013 marehemu alirudi kwake, na siku ya kwanza kaka mkubwa aliomba aone kwa macho yake, akanawa, akavalishwa barakoa, akasimama pembeni ya ukuta, mfuko wa maji ukaning'inizwa juu, mwingine ukawekwa chini, maji yaliyokuwa tumboni yakaanza kushuka taratibu, ya manjano, maangavu, yakiwa yamebeba yale ambayo figo zilishindwa kubeba, na dada yake yu kitini, macho makavu, anamuuliza habari za mke wake, na kaka yule, ambaye hatujawahi kumwona akikosa la kusema, alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akajishika tumbo lake kwa mikono miwili, akasema, "Nina miaka karibu sitini natembea na kitu hicho humu ndani, na sikujua." Nasi tuliokuwa uani tukajikuta kila mtu ameshika lake.

Lakini ufundi una kiburi chake, na ni lazima tuseme lililotokea mwezi wa tatu tangu arudi, kwamba marehemu alijisikia mchovu, akaona maji yanatoka yamefifia rangi, akawaza kidobi, kwamba doa sugu halitoki kwa kuloweka kidogo, linahitaji kulala majini, basi badala ya kubadili maji mara nne kwa siku kama alivyofundishwa akayaacha tangu asubuhi hadi kesho yake, siku kadhaa mfululizo, bila kumwambia mtu, akavimba uso na miguu, akakosa pumzi, mzee akapiga simu kwa muuguzi na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaongea bila kukatika, mpaka gari likaja.

Daktari hakumfokea, ila alisema wazi kwamba likitokea tena atarudishwa kwenye mashine na kwa mwanawe, naye muuguzi akakaa kitandani pake, akamwambia, "Mama, maji haya yana sukari ndani yake, sukari ndiyo inayovuta maji yaliyozidi mwilini, ukiyaacha mno mwili unainywa ile sukari, halafu unaanza kuyanywa na maji yenyewe, unarudishiwa ulichotoa." Marehemu akajipiga paji la uso, akasema, "Mimi huyu! Kila siku nawapigia wasichana wa udobi kelele wasiache nguo kwenye maji machafu, inakunywa uchafu wake yenyewe, na tumbo langu mwenyewe nikalifanya hivyo!", akacheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakauliza kuna nini, kisha akalia, kwa sababu alijua jinsi alivyokaribia kuipoteza nyumba yake.

Alipewa mwezi mmoja wa majaribio, na mwezi ule hakuna saa aliyoichezea, alimuuliza muuguzi asilolijua badala ya kulibuni, mzee akawa anagonga meza ya pasi kila muda wa kubadili ulipofika, na mtaa wote ukajifunza kwamba pakigongwa hakuna kubisha hodi, akafaulu, na hakurudi tena kwenye lile sofa. Alipunguza chumvi, akapima maji ya kunywa, mablanketi mazito akawaachia wasichana, yeye akabaki na mashati na ulimi wake, na muuguzi alipopata mgonjwa mpya mwenye hofu alimleta pale uani, akae, aone mwanamke anayeanika nguo huku damu yake ikisafishwa ndani yake, bila sauti, bila mtu yeyote kujua.

Mwaka 2019 alipewa mashine ndogo, ukubwa wa sanduku la nguo, iliyokuwa ikimbadilishia maji yenyewe akiwa usingizini na kumpelekea muuguzi taarifa kule hospitalini, hata asubuhi moja simu ikalia muuguzi akimwambia, "Mama, leo umelalia mrija," naye akamgeukia mumewe akasema, "Wewe umelala na mimi miaka thelathini na tano na hujawahi kujua nalalaje," mzee akajibu, "Nilijua, sikuulizwa." Sisi tuliozaliwa zamani, tuliowaona watu wazima wakivimba na kufa kitandani huku tukiambiwa wamerogwa, tulisogeza viti tukaitazama mashine ile ikihema taratibu kando ya kitanda.

Moyo wake, uliovumilia presha kwa miaka mingi, ulianza kuchoka mwishoni mwa mwaka jana, daktari akasema ukweli kwamba huo hauna kusuuzwa, akampa nafasi ya kulazwa, na binti yake alipomuuliza anataka nini alijibu, "Hapa hapa," basi daktari akapanga dawa za kumpunguzia maumivu na shida ya kupumua, muuguzi akawa anakuja nyumbani, wajukuu wakaingia kwa zamu, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, huku mzee akiwa amekaa kitandani akimsimulia, ndiyo, yeye mzee ndiye aliyekuwa akisimulia, habari za mteja aliyeleta suruali yenye panya mfukoni, marehemu alitabasamu, akavuta pumzi, hakuirudisha.

Familia inamshukuru daktari wa figo, aliyesikiliza mgonjwa anataka kuishi wapi kabla ya kuamua atatibiwa vipi, inamshukuru muuguzi, ambaye kwetu si mgeni tena bali ni binti, inawashukuru madereva waliofikisha mifuko ya maji hata barabara ilipokatika kwa mvua, wasichana wa udobi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa hotelini waliokuja na mashuka meupe tuliyomfunika nayo, jirani aliyemlea paka, na mtaa mzima uliojua kunyamaza meza ilipogongwa, na wale tusioweza kuwataja mtusamehe, hakuna aliyesahaulika moyoni.

Mwaka 2012 tuliambiwa tujiandae, mama, tukajiandaa, nawe ukatuacha tumejiandaa bure miaka kumi na mmoja na ushei, uliomba jambo moja tu, safari hii uianzie mlangoni kwako, na leo asubuhi tumekutoa kwenye mlango huo huo, mume wako akiwa mbele, basi pumzika, na amani ikae nawe.