Historia ya Ramlo Gelle, Aliyeandika Jua na Mwezi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa idhini ya mashekhe na wazee waliokaa mbele, familia inasoma maisha ya marehemu Ramlo Gelle Maalim. Kwetu si desturi kumsomea maiti karatasi, desturi ni kumzika mapema na kumwombea dua, ila wenzake wa chama cha wauza maziwa na wafanyakazi wenza wa mwanawe wameiomba katika siku hii ya tatu ya taazia, nayo familia ikaona kwamba kama ni lazima isomwe, basi isomwe iliyo ya kweli.

Marehemu alizaliwa nje kidogo ya Buna, Wajir Kaskazini, mtoto wa nne wa mzee Gelle Maalim na Bi Leyla. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1960, siku ambayo kwa hesabu za makarani nusu ya wazee wetu walizaliwa, lakini mama yake alisema alimzaa mwaka wa mafuriko, na mafuriko yalikuwa mwishoni mwa 1961, kwa hiyo tunamwamini mama, ambaye angalau alikuwepo.

Kuhusu elimu, mwaka 1968 baba yake aliambiwa atoe mtoto mmoja kwa ajili ya shule, akamtoa kaka yake, na marehemu akapewa mbuzi, kisha ngamia. Huko malishoni alijifunza alama za moto, zile chapa ambazo kila ukoo huwachoma ngamia wake shavuni au shingoni, hata akawa anamtazama ngamia aliyepotea, kwa mbali, na kumtaja mwenyewe huku wanaume bado wanabishana. Karatasi ya kwanza ya historia hii, iliyoandikwa na mwanawe mkubwa Mohamedamin, ilisema hapa kwamba marehemu alihitimu darasa la saba mwaka 1975. Sentensi hiyo imefutwa, na sababu inakuja.

Aliolewa Buna tarehe 17 Novemba 1979 na Najib Mustafe, dereva wa lori, na baada ya ukame wa 1984 kumaliza mifugo walihamia Garissa, mwezi wa Machi 1985, wakakaa hapa Waberi na kujaliwa watoto wanne, Mohamedamin, Safiyo, Sahra na Mustafe, kabla Mungu hajamchukua mzee Najib tarehe 6 Juni 2009.

Kazi yake kwa miaka thelathini na tisa ilikuwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Maziwa huja kutoka porini kwa gari, yakiwa ndani ya majerikeni yaliyofanana kama mapacha, na kila mfugaji ana alama yake, kitambaa, mkwaruzo au doa la rangi, na marehemu alizijua zote, asikosee jerikeni hata siku moja. Kwa sababu hiyo akina mama walimfanya mwenyekiti wa chama mwaka 2001, na hapo ndipo taabu yake ilipoanza, kwa sababu mwenyekiti huletewa kumbukumbu za mkutano azisome na kuzitia sahihi, na marehemu hakujua kusoma, si Kiswahili, si Kisomali, si Kiingereza.

Hakumwambia mtu. Alinunua miwani, akaishika karatasi, akahesabu moyoni hadi sitini kisha akafungua ukurasa wa pili, kwa kuwa alikuwa amewachungulia wasomi akaona huo ndio muda wao. Ujumbe ukiingia kwenye simu, miwani ilikuwa imebaki nyumbani. Mwaka 2003 alikwenda siku moja kwenye darasa la watu wazima, akamkuta mteja wake kwenye dawati la mbele, akasema amekuja kuuliza kama mwalimu anahitaji maziwa. Ripoti za shule za watoto hakuzisoma, aliwasoma watoto, anashika karatasi na kumtazama mtoto usoni, na uso ndio ulioamua kama ni sifa au fimbo. Mohamedamin amekiri juzi, mbele ya dada zake, kwamba mwaka 1994 alishika nafasi ya thelathini na nane kati ya arobaini, akakaza uso, akapewa bakuli la maziwa na kuambiwa, "Endelea hivyo hivyo."

Mwaka 2022 mjukuu wake Idman, binti ya Safiyo, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kijapani ili akafanye kazi ya uuguzi huko, akitumia programu ya simu inayoonyesha herufi zao za kanji, inazitamka, kisha inataka uzichore kwa kidole. Siku moja ilitokea herufi ya mistari mitatu inayoteremka, na marehemu, aliyekuwa amekaa kando anaosha majerikeni, akauliza, "Hiyo ni alama ya nani?" Idman akamwambia bibi yake, "Si ya mtu, ayeeyo, ni mto." Marehemu akasema anamjua mwenye mistari hiyo, yuko Rhamu, ana ngamia sitini, na kwa kuwa anakaa kando ya mto Daua basi inawezekana wote wawili wako sawa.

Alijifunza hivyo tangu siku hiyo, kila herufi akiipa mwenyewe. Mti ulikuwa wa ukoo fulani, lango la ukoo mwingine, na herufi ya farasi, yenye miguu mingi, alisema hiyo ni ya watu wa majivuno. Idman aliposhindwa mtihani mwezi wa Desemba na kuiacha programu, marehemu aliiomba ile simu kuukuu, na kila siku baada ya Alfajiri, kabla gari la maziwa halijafika, alikaa kitako akachora. Simu ililikataa neno lao la mkate, pan, mara kumi na moja kwa sababu alilitamka kwa b, maana Kisomali hakina p, naye akasema mkate wenyewe haujalalamika. Idman alikuwa wa kwanza kugundua kwamba hajui kusoma, kwa kuwa bibi alitaka picha tu na si maneno ya maelezo, akamuuliza mbona asianze na herufi za hapa. Akajibiwa, "Hizo za hapa kila mtu anazijua, watanicheka. Hizi nikikosea, nani Garissa nzima atanicheka? Na wewe funga mdomo."

Kuhusu maradhi, marehemu alikutwa na sukari na presha mwaka 2019, akapewa dawa za asubuhi na za usiku, akazitofautisha kwa rangi ya pakiti. Rangi zilipobadilika hakuuliza, akameza za usiku mara mbili, na tarehe 14 Februari 2024 akaanguka sokoni katikati ya majerikeni, akalazwa siku tisa. Aliporudi kliniki mwezi wa Aprili, muuguzi alitoa pakiti kwenye mfuko wake, akaona moja ina kisanduku chenye mstari katikati, na nyingine ina kisanduku kile kile kilichoota miguu, akauliza ni nani aliyeandika. Mohamedamin, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, akacheka, akasema, "Hooyo anachora tu." Marehemu akamwambia, "Sichori, naandika. Hili ni jua, huu ni mwezi. Hayo maandishi yenu ndiyo siyajui, sijawahi kuyajua, na yalitaka kuniua."

Marehemu hakukosea dawa tena. Mwaka huu, mwezi wa Mei, alipotoka kwenye msiba wa jirani ambako marehemu wa watu alisifiwa kwa masomo ambayo hakuna aliyemwona akiyasoma, alimwita mwanawe, akamwambia, "Usinisomeshe nikishakufa." Mwanawe alisahau, au aliona haya, na ndiyo maana kulikuwa na sentensi ya kufuta. Badala yake iandikwe kwamba marehemu hakuingia shule, na alijua herufi mia tatu na kumi na nane za Kijapani kwa kuzisoma na kuziandika.

Figo zilidhoofika tangu Julai, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, marehemu alifariki nyumbani kwake, akazikwa siku hiyo baada ya Alasiri. Familia inawashukuru madaktari, na hasa yule muuguzi aliyeuliza badala ya kucheka, majirani wa Waberi waliopika siku tatu, madereva walioleta maziwa bila kudai, akina mama wa chama ambao sasa wamejua kwa nini mwenyekiti alichelewa kutia sahihi, na wafanyakazi wenza wa Mohamedamin.

Simu yake bado inalia kila baada ya Alfajiri kudai somo la siku. Leo Mohamedamin, mwenye shahada mbili, aliichukua akaomba aonyeshwe herufi ya kwanza, akachora mistari mitatu ya mto, na simu ikamkatalia mara mbili.

Pumzika, hooyo. Hatukukusomesha.