Sufuria Kutoka Muyinga

Tangu vita vianze, baraza la Zuberi hapa Gitega, Burundi, lilinywa kahawa mapema, maana jua likizama kila mtu yuko ndani. Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na nane akapita Twaha, dereva wa lori la chumvi, na sufuria imefungwa kwa kitenge ambacho si cha mkewe. Ole wake! Watu wa kijiweni wana macho. Wakamkalisha kwa nguvu.

— Miezi miwili sasa we kila siku unalala nyumbani, alisema Chabani fundi cherehani, aliyeitwa Minisita kwa kupenda kutoa amri. Zamani ulikuwa unalala Muyinga. Patroni amekufukuza?

— Amfukuze na kamyo ya chumvi bado iko nayo? akadakia Hamissi Radio. Huyu iko na mke kule. Angalia kitenge!

— Mke gani anakupikia halafu unaenda kulala kwa mwingine? alipinga Minisita. Mi nasema ni dawa. Anakunywa, barabara inakuwa fupi.

— Dawa wapi! alisema Hamissi. Anapanda helikopta ya jeshi!

Twaha alicheka, ila aliogopa. Neno likimfikia patroni mwenye malori, kwisha habari. Lakini shukrani ilikuwa imemjaa mpaka kooni, ikabidi aseme.

— Isitoke hapa, jamani. Iko dereva mwenzangu Muyinga, Zihalirwa, Mkongomani wa Bukavu. Patroni wetu ni mmoja. Yeye alikuwa analala huku, mi nalala kule. Tukaulizana, kwa nini? Sasa mi natoka na chumvi, yeye anatoka na maharage, tunakutana Karuzi, katikati ya njia, tunabadilishana makamyo, kila mtu anarudi kwake. Mizigo inafika. Patroni hajauliza.

— Na sufuria?

— Siku ya kwanza nilisahau chakula cha mke wangu Kadidja ndani ya kamyo. Zihalirwa akakila na watoto wake. Kesho yake Bernadette, mke wake, akarudisha sufuria imejaa sombe, majani ya muhogo. Hakutia nyama, kwa sababu sisi ni Waislamu. Na hawajaonana hata siku moja, wale wanawake!

Twaha akaipakata sufuria. Zamani binti yake Shakila, mwenye miaka minne, alikuwa akijificha nyuma ya mama yake na kuuliza mgeni huyu ataondoka lini. Sasa anamngojea mlangoni.

— Mungu ampe Zihalirwa maisha marefu, alisema, na hata Minisita akaitikia amina.

Bahati, aliyerudi juzi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, aliweka kikombe chini. Akauliza taratibu:

— Na siku mwenzako asipofika Karuzi?

Zuberi alitikisa birika, tupu. Wiki iliyopita Zihalirwa alichelewa, na Twaha alimngoja mpaka askari wa kizuizi cha barabarani wakamfokea aondoke. Hakuondoka. Hilo hakumwambia mtu, hata Kadidja.

— Baba! Shakila aliita kutoka mlangoni. Mama anasema lete sufuria tule, aioshe mapema. Kesho anampikia mama Bernadette pilau!

Twaha akaikumbatia sufuria, akaondoka mbio.