Bodi ya Marehemu Baba, Chesi ya Pikapu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, kwenye kona ya gereji, na ukikaa upande wa kushoto basi omba Mungu wa upande wa kulia asiinuke ghafla. Wakaaji ni wale wale. Bi Sindano, nesi mstaafu, ndiye mwenye birika la kahawa, na humimina kama anayepima dawa ya mtoto. Wakili hajasoma sheria hata siku moja; alifagia korido za mahakama miaka ishirini, maneno yakamwingia pamoja na vumbi. Nati ndiye fundi na gereji ni yake. Jina alilipata kwa sababu kila kazi anayoimaliza humbakizia nati moja mkononi, na hakuna ajuaye imetoka wapi. Wa nne ni Slesi, mwokaji mikate, mrefu na mwembamba hata jina halihitaji maelezo. Alasiri ile Slesi alikuwa na saa moja tu ya kupata jibu la jambo zito, na kwa kuchanganyikiwa akaja kuwauliza hawa.

Jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yao, linang'aa. Lilikuwa gari la mikate la marehemu baba yake: la zamani, pua ndefu, taa mbili za duara, na nyuma boksi la bati lililofungwa pande zote kama kabati. Mzee alisambaza mikate kwa gari hilo miaka thelathini. Alipofariki likakaa uani kwa mama miaka tisa, kuku wakataga ndani. Mwaka juzi mama alimkabidhi mwanawe ufunguo, na sharti juu yake.

"Lifufue, usilibadilishe," alimwambia. "Siku likinguruma nitakuja kulitazama. Likiwa la baba yako, nitapanda. Likiwa jingine, uliuze. Sitaki gari nisilolijua lipite mlangoni kwangu limevaa jina lake."

Slesi aliitikia haraka, maana nani anamkatalia mama. Siku yeye na Nati walipolifunga minyororo kuliinua, chesi, ule uti wa mgongo wa gari, ikakatika vipande viwili kama biskuti. Kutu ilikuwa imeila yote, imebaki rangi tu. Nati akatafuta pikapu iliyopata ajali, bodi imekunjamana lakini chesi na injini vizima, akaivua bodi ile na kuivika chesi bodi ya mzee. Kukata, kuchomelea, kupima na kupima tena: miezi kumi na minne. Mama hakuambiwa. Sasa alikuwa anakuja saa kumi, na Slesi, tangu utotoni, akimdanganya mama yake hushikwa na kwikwi.

— Nataka neno moja tu, Slesi alisema. Hili gari ni la baba, au si la baba?

— Ni lake, Nati alisema.

— Si lake, Wakili alisema.

— Kunywa kahawa, Bi Sindano alisema.

Wakili akaweka kikombe chini, dalili kwamba kesi imeanza.

— Namba ya gari imegongwa wapi? Kwenye chesi. Kwa hiyo kwa macho ya sheria gari ni chesi. Bodi ni nguo tu. Mimi nikivaa koti la Nati, ninakuwa Nati?

— Ukivaa koti langu unalirudisha, Nati alisema. Lile la harusi bado nalisubiri.

— Usihamishe mada. Chesi ya mzee iko wapi?

Nati alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya gereji, kwenye majani, vilikuwa vimelala vipande viwili vya chuma chekundu kwa kutu.

— Basi gari la marehemu ni lile pale. Mama akija, mpeleke.

— Nimpeleke afanye nini, wewe? Slesi aliuliza. Amesema akiridhika atapanda!

— Apande kipande cha mbele. Cha nyuma kina nyigu.

Slesi alijishika kichwa. Nati naye alikuwa amekwisha kuvimba, maana kazi yake ndiyo iliyokuwa inaitwa nguo.

— Sikiliza, bwana. Mtu unamjua kwa uso au kwa mifupa? Umewahi kukutana na rafiki yako njiani ukamtambua kwa mifupa?

— Mimi nimewahi, Bi Sindano alisema.

Wakamgeukia wote.

— Chumba cha eksirei, miaka minne. Kuna watu sura zao sizikumbuki kabisa, lakini mbavu zao, hata leo. Halafu msinikatishe. Gari limefanyiwa upasuaji. Mtu akiwekewa figo ya mwenzake si anarudi nyumbani kwa mkewe yule yule? Hajabadilika. Nati, hebu nisomee faili la mgonjwa. Mmebadilisha nini?

— Chesi, Nati alisema. Na injini.

— Mifupa na moyo. Haya.

— Na giaboksi. Na sakafu, ilikuwa imeoza. Na paa kidogo.

— Kidogo kiasi gani?

— Lote. Na mlango wa kushoto. Na kioo cha mbele. Na matairi, lakini matairi hata mzee alikuwa anabadilisha!

— Cha zamani kilichobaki?

Nati alifikiri sana.

— Ubavu wa kulia, alisema. Pua. Na honi.

Bi Sindano akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya ndugu wa mgonjwa.

— Huyo hakupona, wanangu. Huyo ni mtu mwingine amelazwa kitanda chake.

Slesi hakuwa na tamaa ya gari zuri. Alitaka alfajiri akate kona ya kanisani hadi sokoni akiwa nyuma ya pua ile ndefu, na jina la baba yake ubavuni, basi. Miezi kumi na minne alikuwa akitoka kwenye joko na kwenda moja kwa moja gereji, kusugua bati mpaka vidole vinavimba. Kama lile halikuwa gari la baba, basi alikuwa amelivunja sharti la mama yake kwa bidii kubwa mno.

— Na kuna jambo sijawaambia, Nati alisema, akishusha sauti. Chesi inakumbuka.

— Inakumbuka nini?

— Kule ilikotoka. Ile pikapu ilikuwa inabeba kokoto. Juzi nalijaribu gari, nikifika njia panda usukani unavuta wenyewe kushoto. Kushoto kuna nini? Machimbo ya kokoto!

Wakili alilitazama gari na kusogea kidogo kwenye benchi.

— Hiyo ni breki ya kushoto inabana, Bi Sindano alisema. Kaiangalie.

Nati alitazama pembeni, akakuna shingo.

— Lakini hata hivyo, Wakili akadakia, hapo kuna hatari ya kisheria. Mwenye pikapu yuko hai. Mama yako akipanda hapa, Slesi, juu ni mumewe, chini ni mwanaume asiyemjua.

— Kwik! Slesi alisema.

— Mbona kwikwi na hujadanganya?

— Najiandaa.

— Tulia, Wakili alisema. Dawa ipo. Mna gari mbili zinazodai kuwa moja, sivyo? Bodi inasema ni mimi, chesi inasema ni mimi. Basi tuchukue vile vipande vya chesi tuviingize ndani ya boksi, huko nyuma. Hapo bodi ipo, chesi ipo, namba ipo. Hakuna hakimu wa kulipinga.

Nati alihesabu kwa vidole.

— Yaani gari la marehemu liwe limepanda gari la marehemu.

— Hasa!

— Na litasafiri ndani yake lenyewe.

— Kuna sheria inayokataza?

Bi Sindano alisema wamepungukiwa na damu kichwani, wote watatu. Lakini Slesi alikwisha kuinuka, na ubao ukampandisha Wakili juu na kumshusha. Mtu mwenye dakika ishirini mkononi hachagui. Wakaenda kwenye majani, wakakwepa nyigu, wakakamata kipande cha mbele: Nati huku, Slesi kule, Wakili katikati akitoa maelekezo bila kubeba. Kutu iliwamwagikia shati zima. Walikuwa wamefika nyuma ya gari, wanahema, mlango wa boksi umefunguliwa, waliposikia sauti.

— Hicho chuma bado mnakizungusha tu?

Mama alikuwa amesimama kwenye kona, amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba mkononi. Alikuwa amewahi. Wakakiacha kipande kikaanguka, nusura kimpate Wakili mguuni.

— Shikamoo mama, walisema kwa pamoja.

— Marahaba. Nimeuliza, hiyo chesi kwa nini haikai mahali pamoja?

— Chesi gani, mama? Kwik! Hii ni, kwik, bomba.

Mama hata hakumtazama. Alimtazama Nati.

— Mwaka jana huyu fundi alipita mlangoni kwangu na mkokoteni, amepakia chesi ya mume wangu vipande viwili. Akasimama akaomba maji. Nikampa. Baada ya saa moja akapita tena, anarudi nayo. Nikampa maji tena.

Wote wakamgeukia Nati.

— Mnunuzi wa vyuma chakavu aliikataa, Nati alisema. Na jua lilikuwa kali.

— Na ulipita kwa mama? Slesi aliuliza. Barabara zote hizi?

— Ndiyo yenye kivuli.

Slesi alitamani ardhi impokee. Mwanaume wa miaka arobaini na sita, baba wa watoto watatu, alisimama na kutu mpaka kwenye nyusi, machozi yakamlengalenga.

— Mama, nisamehe. Uliniambia nisilibadilishe. Ilikatika mikononi mwetu. Nilishindwa kukwambia, nikaona bora nilimalize kwanza. Sasa hata mimi sijui kama ni lenyewe.

— Kwa macho ya sheria, mama, Wakili alianza.

— Wewe nyamaza. Nakujua tangu na fagio lako.

Mama alilizunguka gari taratibu. Aliligonga ubavu wa kulia kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapitisha kiganja juu ya pua ndefu, na hapo mkono ulikaa kidogo. Nati alikuwa na jibu lake tayari, Wakili lake, Bi Sindano lake, na kila mmoja alikuwa ameshafungua mdomo kidogo kusubiri zamu. Mama akafungua mlango wa kushoto, akachungulia ndani, akageuka.

— Sasa mimi nitakaa wapi?

Ndani kulikuwa na kiti kimoja, cha dereva, kipya, kimeshonwa vizuri. Pembeni yake palikuwa na sakafu safi, imepakwa rangi.

— Kiwandani lilitoka na kiti kimoja, mama, Nati alisema hatimaye. Nimelirudisha kama lilivyozaliwa. Palikuwa na kreti kuukuu hapo, imefungwa kwa waya. Nikajua takataka za kuku.

Slesi aliiona ile kreti kama iko mbele yake. Kreti ya mikate, imepinduliwa, mto juu yake, na mama amekaa anahesabu mikate ya kila duka huku baba akiendesha. Miaka thelathini. Walibishana juu ya chesi, mifupa, figo na kokoto, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama alikuwa anakaa wapi. Wakili alitazama viatu vyake. Bi Sindano alifunua birika na kuchungulia ndani, kana kwamba jibu lingekuwa humo.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika mlango wa gari.

— Siku baba yako alipolileta, alipiga honi mtaa mzima ukatoka. Nikaingia ndani nikavaa nguo nzuri, nikaja, nikafungua mlango huu. Kiti kimoja. Nikamwuliza, sasa mimi nitakaa wapi? Akasimama vile vile ulivyosimama wewe, mikono imening'inia, mdomo wazi. Mume wangu, mtu wa kupanga kila kitu, hakuwa amefikiria.

Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kutu yake, mikono yake, mdomo wake. Kisha akalitazama gari.

— Ni lenyewe, alisema.

— Kwa msingi upi, mama? Wakili aliuliza, na kalamu alikwisha kuitoa.

Mama aliweka mkoba wake kwenye ile sakafu mpya, pembeni ya kiti cha dereva, kama mtu anayeshika nafasi yake.

— Kimbia ukalete kreti, alimwambia Slesi. Na mto uje leo leo. Baba yako aliuleta baada ya wiki nzima.