Mzee Mizani, Msimamizi wa Mizigo ya Helikopta

Marehemu hakupokea kitu bila kukipima mkononi. Ukimpa mfuko wa sukari, kitabu, hata mjukuu mchanga, aliinua kidogo, akafumba jicho moja, akataja kilo. Mkunga aliwahi kumtania, "Mzee, tukuajiri?" Akajibu, "Kwanza rekebisheni mizani yenu, mama. Inapunja gramu hamsini." Ndiyo maana wengi walimjua kwa jina la Mzee Mizani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mpakiaji magunia na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi miaka minane, kisha sekondari ya ufundi, ambako hesabu zilimpenda kuliko alivyozipenda yeye.

Aliingia jeshini mwaka 1972. Kuanzia 1977 alikuwa msimamizi wa mizigo katika helikopta kubwa za uchukuzi, zile zinazomeza lori zima kwa mlango wa nyuma. Rubani alirusha, yeye ndiye aliyeamua kipi kipakiwe, kikae wapi, na kipi kibaki.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati ya kambi, mtu pekee, alivyopenda kusema, aliyekataa katakata kukadiriwa uzito.

Tarehe 19 Aprili 1989 mafuriko yalizingira watu kwenye tuta la bwawa. Katika safari ya nne ya kuwaokoa, marehemu alipakia sabini, akainua mkono: basi. Walibaki kumi na mmoja. "Tunarudi sasa hivi," aliwaambia. Ukungu ukafunga bonde. Kulipokucha, tuta lilikuwa limekwenda na maji.

Rubani alimwambia, "Hesabu yako ilikuwa sawa, ndugu yangu." Lakini kila mwenye nguo zilizolowa marehemu alikuwa amemwongezea kilo tano kwa kukisia, na kilo tano mara sabini ni uzito wa watu watano. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mvua zilipoanza, aliloweka koti lake kwenye ndoo na kulipima. Mara liliongezeka kilo sita, mara halikufika tatu. "Baba watoto," mkewe alimwambia, "koti halina jibu." Hakuna aliyejua la kufanya ila kulianika.

Novemba 2021 alipata kiharusi. Kumbukumbu zikavuja kama maji kwenye pakacha, ikabaki siku ile moja. Kila asubuhi alimuuliza binti yake mkubwa, aliyemuuguza, kama wale kumi na mmoja wameshachukuliwa. Binti alijaribu kunyamaza. Alijaribu kumwambia ukweli, naye akalia kana kwamba ndiyo kwanza anausikia.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na rubani wake, aliyekuja kumwona kila Jumamosi. Mungu ampe amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.

Siku moja kabla ya kufariki, alipouliza tena, binti yake aliamua kumdanganya. "Wameshachukuliwa wote, baba. Wako salama."

Marehemu alitega sikio dirishani.

"Mwanangu," akasema, "ningesikia mlio wa helikopta."